Fundo Langu Kwenye Kamba ya Makambi

Mpendwa mama mkwe wangu,

Kesho kutwa tunaenda makambi, na ni mara ya kwanza tunakwenda bila wewe. Nimekaa hapa mlangoni pako Ikonge, kamba yako ya mkonge iko mapajani mwangu. Nakuandikia ingawa hukujua kusoma. Najua ungesema karatasi hii ingefaa zaidi kuwashia moto.

Mimi nilizaliwa kwa Wakatoliki kule Ogembo. Nilipoolewa na mwanao, nilidhani makambi ya Wasabato ni ibada ndefu tu, mtu anabeba Biblia na mto wa kulalia. Kumbe ni kuhamisha boma zima kwa juma moja la Agosti, kulala vibandani uwanjani pamoja na nusu ya Nyamira, na kurudi nyumbani bila kusahau hata kijiko. Wewe ulianza kupanga mvua za Aprili zikiwa bado zinanyesha. Maharagwe ya makambi yalikuwa na chungu chake, na ole wake aliyeyagusa. Ndizi ulizikata mbichi kwa hesabu yako mwenyewe, zikaiva Alhamisi, si Jumatano wala Ijumaa. Sijawahi kuelewa ulivyofanya hilo, na mwaka huu zangu zimeshaanza kuiva leo.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni hii kamba. Kila mtu wa nyumba alikuwa na fundo lake, na kati ya fundo na fundo ndipo upana wake wa kulala. Ulitulaza uani mchana kweupe, watu wazima, kuku wakitutazama, ukatupima. Baba mkwe peke yake alikataa kulala chini. Ukampima amesimama, ukaongeza kidogo kwa ajili ya ubishi wake. Siku ile tulipokwenda Kisii kununua turubai, Mhindi mwenye duka alicheka alipoiona kamba kwenye meza yake. Akapima kwa futi yake, akapima tena, kisha akakuambia, "Mama, kamba yako iko sawa. Hii futi yangu ndiyo mbaya."

Na mafundo hayo hayakuwa ya upana tu. Yalijua nani alale mbali na nani kwa ajili ya ensoni, ile heshima yetu ya kuogopana kati ya wakwe. Mkwe mke haingii anapolala baba mkwe wake, wala hakitazami kitanda chake. Nyumbani ni rahisi, kila mtu ana mlango wake. Uwanjani, kwenye vibanda vya nyasi na turubai, inahitaji akili, na wewe ulikuwa nayo.

Mwaka wangu wa tatu kwako, nilikuja jikoni nikakuambia usinipime. Nilisema juma la makambi nitakwenda kwetu kumwona mama yangu. Ulijua maana yake. Miaka mitatu bila mtoto, na wanawake mtoni wananyamaza nikifika. Nilikuwa nimechoka, Mama. Sikuwa na nia ya kurudi.

Ulikuwa unachambua maharagwe. Hukuinua uso. "Nisaidie mizigo mpaka Ijumaa," ulisema, "halafu basi liko." Kisha ukafunga fundo langu pale pale, mbele yangu. Nilikuambia unapoteza kamba bure. Ukanijibu, "Fundo lako halichukui nafasi ya mtu. Nitaenda nalo."

Nilikasirika. Nilitaka unigombeze ili niondoke kwa urahisi.

Ijumaa ikatukuta tayari uwanjani, siku ya maandalio, kila mama anapika kabla jua la Sabato halijatua. Nguo zangu zilikuwa tayari zimefungwa kwenye leso. Mume wangu alikuwa amekwenda kuni, nawe ulikuwa kisimani. Mvua ya mawe ikaja kutoka upande wa Sironga bila hodi, ikaangusha kibanda chetu. Nikanyakua debe la unga wa wimbi, nikakimbilia kibanda cha kwanza nilichokiona, nikainua macho. Baba mkwe alikuwa ameketi kitandani, shati mkononi.

Hata leo nikikumbuka natokwa na jasho. Yeye aligeukia ukuta. Mimi nilisimama na debe langu, siwezi kutoka kwa mawe, siwezi kubaki kwa aibu. Nikasema moyoni, basi, maji yamemwagika, hata ningetaka kukaa sasa nitakaaje.

Ndipo ukaingia umelowa chapachapa. Ulituangalia mara moja tu. Ukaifungua kamba kiunoni mwako, ukaivuta kutoka nguzo hadi nguzo kati yetu, ukavua leso mabegani, ukaitundika. Ilikuwa inachuruzika maji.

"Huu ni ukuta," ulisema. "Yeye yuko kwake, wewe uko kwako. Hakuna aliyeingia kwa mwenzake."

Kisha nyuma ya leso ikasikika sauti ya yule mzee ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amenisemesha ila kupitia kwa mtoto wa jirani.

"Majirani, unga wenu umelowa?"

Nilicheka, Mama. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na kicheko kikageuka kilio, nawe ukanishika kichwa kwa mikono yako iliyonuka moshi. Nikamjibu, "Haujalowa, jirani." Basi lilipiga honi barabarani likapita. Lile la Jumapili lilipita nikiwa nasonga obokima, ugali wetu wa wimbi, na sikuinua kichwa.

Watu husema ni mzaliwa wangu wa kwanza aliyenituliza hapa. Wanakosea. Yeye alikuja miaka miwili baadaye, akanikuta nimeshatulia. Ulinipa nafasi kabla sijaleta chochote, na sijaona mtu mwingine mwenye moyo wa namna hiyo. Nilipaswa kukuambia haya ukiwa hai. Niliona haya.

Sasa nikueleze kilichonifanya niandike. Kitinda mimba wako ameoa. Msichana mzuri, mwalimu, anacheka kwa sauti. Lakini tangu Juni hacheki. Jana alikuja hapa jikoni kwako, akaniambia nisimpime, kwamba juma la makambi atakwenda kwao kumwona mama yake.

Nilikuwa nachambua maharagwe. Sikuinua uso, kwa kuwa angeona machozi.

Nimemwambia anisaidie mizigo mpaka Ijumaa. Fundo lake nimelifunga karibu na langu, na leso ya ziada nimeiweka juu kabisa ya mizigo. Naenda nalo.

Lala salama, Mama.

Mimi, moriakari wako, yule bibi arusi uliyempimia nafasi.