Kimya cha Watu wa Baridi

Jumatatu, 4 Machi

Binti yangu kapata kazi! Hawajamwambia bado, lakini kapata. Fundi majokofu, kwenye ile kampuni yenye vyumba vya baridi vya kutunzia dawa. Kwenye usaili wamemuuliza kama anaweza kuanza mwanzo wa mwezi. Nani atakuuliza saizi ya kiatu kama hataki kukununulia? Nimeshamwambia jirani yangu mshonaji. Nimempigia na shangazi yake, nikaalika ukoo mzima waje kula. "Hongera wifi," akasema, "ila barua ameiona?" Wifi yangu huyu hajawahi kufurahi bila ushahidi.

Jumatano, 13 Machi

Kimya. Binti analala na simu kifuani. Hapa kuna mkono wa mtu. Kijana wa mshonaji naye aliomba kazi ileile, na tangu hapo mama yake ananisalimia kwa utamu mno. "Shoga, vipi, wamepiga?" Kila asubuhi. Ya nini? Kikulacho ki nguoni mwako — na nguo zangu zote anashona yeye.

Ijumaa, 15 Machi

Matapeli wamefika hadi kwangu. Kapiga mwanamke, sauti laini kama mafuta, na duka langu limejaa wateja. Akanitajia binti yangu, majina yote, eti namfahamu tangu lini? Tangu tumboni, nikamwambia, wewe umemfahamu lini? Eti ni mwaminifu? Hapo nikajua: sasa hivi atasema kakamatwa, nitume pesa. Nikampa zake, wateja wakashika mbavu. Kisha nikaifungia namba isinipigie tena. Mimi si wa kuchezewa. Binti sikumwambia, ana yake ya kutosha.

Jumatatu, 18 Machi

Leo jikoni, tunamenya vitunguu. Binti anasema mwalimu wake wa chuo alishapigiwa na kampuni, wakaulizia habari zake. "Na wewe mama, bado? Nilisahau kukwambia, nilikuandika bosi wangu wa zamani. Si friji la dukani nilikuwa nalitengeneza mimi? Wakipiga, tafadhali, usiseme umenizaa."

Nikasema bado. Kitunguu kikanisitiri macho.

Jumanne, 19 Machi

Kuifungia namba alinifundisha binti. Kuifungulia sijui, na yeye siwezi kumuuliza. Nikaenda kwa mshonaji, sina mwingine. Akavaa miwani, akabonyeza, akaitazama namba.

"Shoga, hawa si watu wa baridi? Ndio walionipigia kumuulizia mwanangu."

"Kwani na wewe uliandikwa bosi?"

"Bosi mzima, na cherehani zangu mbili."

Nikamuuliza, enhe, wamempa? Akavua miwani. "Kimya. Kwa nini unafikiri nakuuliza kila asubuhi?"

Nimekuja nyumbani, nimepiga. Inaita, inaita, haipokelewi. Nimepiga tena, sasa haiiti kabisa. Au nao wamenifungia?

Binti kanikuta na simu mkononi. Kauliza nampigia nani. Nikasema shangazi yako. Na kweli, haikupita dakika, shangazi yake huyo, anapiga mwenyewe: wamekodi gari, hata mjomba mwenye mguu mbovu yumo, na keki imeshaandikwa "Hongera Fundi". Nikataka kumwambia wifi kazi bado. Binti alikuwa amesimama palepale, ananitazama mdomoni.

"Wifi, mbona kimya? Saa sita tuko mlangoni. Jumamosi."