Mashine Yako Bado Inang'ata

Baba,

Nakuandikia nikiwa Musoma, kwenye chumba changu kile ulichokuwa unasema kinanuka sato hadi kwenye shuka. Bado kinanuka. Asubuhi hii ziwa limefunikwa na ukungu mweupe, mitumbwi inasikika lakini haionekani, na tangu nimeamka najiona kama mtu ambaye hajamaliza kuota. Nina makovu manne. Moja liko chini ya sikio, mawili shingoni, na la nne liko kwenye koromeo, hilo ambalo Mama akilitazama anafanya ishara ya msalaba. Yote ni kazi ya mashine yako ya kunyolea, ile nzito ya chuma unayoizungusha mkia ikafunguka, ukaweka wembe katikati, ukaifunga. Baba, ulituachia nyumba, ukatuachia cherehani, halafu ukatuachia na mnyama.

Sijui kama huko uliko habari zetu zinafika. Nitakusimulia kana kwamba hujui kitu.

Babu yupo, mzima. Naanza na yeye kwa sababu ndiye ungemuulizia kwanza. Yuko Kibara, kwenye nyumba ileile, na kifua chake hakijambo. Lakini tangu tulipokuzika alikuwa hajanyoa. Siku ya kuanua matanga tulinyolewa wote vichwa, mimi, Mama, na Shangazi aliyekuja kutoka Butiama. Wazee wakapita na wembe na beseni la maji, mmoja baada ya mwingine. Zamu ya Babu ilipofika aliivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi, akasema, "Mimi sinyolewi. Huyu ndo alitakiwa anyolewe kwa ajili yangu. Mmegeuza mambo."

Wakamwomba basi angalau wamtengeneze ndevu. Akasema, "Mwenye kuninyoaga mmemfukia juzi." Akaingia ndani.

Tukadhani yatapita. Hayakupita, Baba. Ndevu zikashuka mpaka kifuani, nyeupe, zimejikunja na kushikana. Akaacha kwenda kanisani, anasema mtu ambaye msiba wake haujaisha hakai mbele za watu. Uji ukawa unamganda kwenye ndevu, akaona aibu, akaanza kula peke yake chumbani. Halafu akawa hali. Shangazi alienda kumsalimia na mkasi kwenye mkoba, Babu akautupa mkasi kwenye migomba. Kesho yake Shangazi akanipigia simu akiwa Butiama, sauti imekauka kwa kulia. "Majura, babu yako anajizika taratibu. Mashine ya kaka yangu unayo wewe. Fanya kitu."

Ninayo mimi. Na wewe unajua kwa nini ninayo, tulijua sisi wawili tu.

Uliniambia niilete hospitali. Nikaileta kwenye kile kitambaa chako cha kaki, pamoja na brashi, kipande cha sabuni na jiwe la shabu la kukatia damu. Ulikuwa na mpira wa dripu mkononi, mikono yako imelegea, mikono ambayo ilikuwa inatia uzi kwenye sindano bila miwani. Ukasema, "Ninyoe, mwanangu, nimechoka kujiona mchafu." Nikaifungua mashine. Nikauona ule mwanya wake, jinsi wembe unavyochungulia pembeni kuliko kawaida, nikakumbuka ulivyokuwa unatukataza hata kuigusa tukiwa wadogo. Nikaogopa. Nikakuambia, "Kesho, Baba. Kesho nitakuja na ile ya plastiki." Ukatabasamu, ukageuka upande wa dirisha.

Nilipofika asubuhi na ile ya plastiki mfukoni, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Wanaume waliokuosha walikunyoa harakaharaka kwa wembe mtupu, mimi nimesimama nje ya mlango. Sikuwahi kumwambia mtu. Mama alidhani ulikaa hospitali bila kunyolewa kwa sababu hukuomba.

Basi baada ya simu ya Shangazi nilianza kukuota. Si ndoto za kutisha. Uko uani kwetu Nyasura, Bunda, asubuhi, umevaa singlendi, kioo kidogo umekitundika kwenye msumari wa mpapai. Umejipaka povu uso mzima mpaka macho hayaonekani. Mimi nasubiri uanze kunyoa ili nikuone. Wewe unazidi kupaka tu, povu linaongezeka, linafika mabegani, linafika kwenye nguo zilizoanikwa, na hakuna hata sauti. Naamka shavu langu limelowa na sijui kama ni jasho.

Nikasema, kama ni kujifunza, nitajifunza kwenye uso wangu kwanza. Nikaacha kwenda saluni mpaka ndevu zikaota. Nikaenda kumuuliza yule kinyozi wangu wa hapa Musoma, akaishika mashine yako akaigeuzageuza, akacheka. "Kaka, hizi sisi hatutumiagi. Hii si ya kunyolea, ni ya kuchinjia." Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayerudisha maiti.

Nikaanza peke yangu. Na kosa nililolifanya, Baba, ungecheka mpaka ukohoe. Unajua mimi kutwa nzima mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kazi yangu ni kupara sato. Samaki unamshika kichwa, unaanzia mkiani, unakandamiza kisu na kukwangua kwenda juu, kinyume cha magamba, magamba yanaruka. Mkono haujui kingine. Nikaishika mashine yako, nikaanzia kwenye koromeo, nikakandamiza, nikapandisha.

Sikusikia maumivu kwanza. Niliona tu povu limekuwa la waridi.

Nilishinda nimejibana shingo na taulo. Baada ya siku nne nikajaribu tena, nikajikata tena, na pale ambapo sikujikata pakaota vipele kama mbegu za mtama. Mwaloni wakaanza kuniita Ngozi ya Kamongo, yule samaki wa matopeni. Nilitaka kuitupa ziwani. Nilifika mpaka kwenye mawe, nikasimama nayo mkononi, ukungu kama wa leo, na nikasikia kabisa ukisema lile neno lako, "Mkono wako mzito, Majura." Hukulisema kwa hasira hata siku moja. Ulikuwa unalisema nikikushikia kitambaa kwenye cherehani na kukivuta vibaya. Nikarudi nyumbani nayo.

Aliyenifundisha ni Mama.

Nilienda Nyasura mwisho wa wiki, nikachemsha maji, nikatundika kioo kwenye msumari wako. Mama alipoiona mashine alichukua ungo wake wa maharage, akaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni, akanipa mgongo. Nikajua hawezi kuiona ikiwa kwenye uso wa mtu mwingine. Nikaanza. Hata sijamaliza shavu moja, akasema bila kugeuka, "Hapo unapara sato."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Nasikia. Baba yako alikuwaga hakandamizi. Alikuwa anaiacha itembee yenyewe, uzito wake unaitosha."

Baba, yule mwanamke hajawahi kuishika hiyo mashine, lakini amekusikiliza ukinyoa maisha yake yote ya ndoa, yeye yuko jikoni wewe uko uani. Anajua kila kitu kwa masikio. Akaniambia kwamba kabla ya kuanza ulikuwa unajikanda uso na kitambaa cha moto, kwa muda wa uji kuanza kuchemka. Kwamba ulikuwa unapiga vipande vifupivifupi, kisha unasuuza kwenye kikombe, tik, kisha kimya. Kwamba ulikuwa unaanza juu kushuka, unafuata ndevu zinakolala, na shingoni ulikuwa unaivuta ngozi kwa vidole, maana hapo ulikuwa unanyamaza hata kama mtu anakuita. "Umeilaza vibaya," ananiambia. "Inalia sana. Ishushe mkia kidogo." Naushusha. "Bado." Naushusha tena.

Jua likawa linapanda, maharage yanaanguka kwenye sufuria moja moja, mimi nimefumba macho maana niligundua kuona kunanisumbua. Nikaishika kwa ncha za vidole tu. Nikaiacha. Na ikatembea, Baba. Ikatoa ile sauti ndogo kama mtu anayechana kitambaa chepesi kwenye chumba cha pili, na mimi nikawa mtoto, niko kitandani, ni siku ya shule na wewe uko uani.

Maharage yalikuwa yameacha kuanguka. Mama akasema, "Ndo huyo."

Alilia, nami nililia upande wa pili na nusu ya uso wangu ina povu. Hatukugeukiana. Nilimwambia pale pale habari ya hospitali. Akasema, "Maliza kunyoa, maji yanapoa." Chakula cha mchana alinipa sahani yako.

Nikajinyoa hivyo wiki sita, siku moja ndiyo siku moja hapana, mpaka shingo ikapona. Juzi Jumamosi nikaenda Kibara.

Babu alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kofia imeshuka kwenye nyusi, anatazama ziwa lililofunikwa na ukungu. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikakifungua kile kitambaa cha kaki mbele yake. Akaitazama mashine, kisha akanitazama mikono. "Hiyo si mikono ya kupara samaki? Unataka unipeleke kwa baba yako leo leo?" Ulikuwa utani, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba mno, na mifupa ya mabega yake ilikuwa inaonekana juu ya shati. Nikamsogezea uso. Akanishika kidevu, akapitisha kidole gumba kwenye taya, akayahesabu makovu moja moja, akapitisha tena kidole kinyume kutafuta kama kuna nilipoacha. Kisha akasema, "Chemsha maji."

Nilianza na mkasi, nikapunguza. Nikamkanda na kitambaa cha moto. Nikapaka povu kwa brashi yako iliyobaki manyoya machache. Ngozi yake imelegea, Baba, si kama yangu, nililazimika kuivuta kwa vidole vitatu kila mahali, na kila nilipogusa nilihisi joto la mtu mzee, joto kidogo. Alifumba macho. Nikaiacha mashine itembee kutoka kwenye sikio kushuka.

Hakuna aliyenitayarisha kwa kitu kilichofuata. Mimi Babu nimemjua na ndevu zake fupi nyeupe za wiki mbili, sikuwahi kuwapo ulipokuwa unamnyoa. Sasa povu linaondoka, na chini yake nakuona wewe. Shavu lako. Lile bonde lako chini ya mdomo. Taya yako ya kushoto iliyozidi kidogo. Umefumba macho, umelala, unangoja nikunyoe, na mimi ninakunyoa. Ukungu ulikuwa haujaondoka, kila kitu kilikuwa cheupe, na nilisahau kabisa ni mwaka gani. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nisamehe, Baba."

Babu alisikia. Hakufumbua macho. Akasema tu, "Endelea."

Chini ya taya nilimkata. Padogo, lakini damu ilitoka. Yeye akapapasa kwenye kitambaa, akachukua jiwe lako la shabu, akajibandika mwenyewe kwenye jeraha. "Baba yako siku ya kwanza alinikata mara tatu," akasema. "Akakimbilia migombani akalia. Mtu mzima na mke wake." Hukuwahi kuniambia hilo. Miaka yote nikadhani ulizaliwa unajua.

Nikamaliza. Nikamfuta uso. Akajipapasa mashavu kwa viganja vyote viwili, polepole, akatazama ziwa ambalo halikuwa likionekana. Nikaanza kukunja vitu. Hapo ndipo akaivua kofia. Nywele zake zilikuwa zimesimama, nyeupe, hazijaguswa tangu siku ya mazishi yako. Akaiweka kofia juu ya goti, akainamisha kichwa mbele yangu, akasema, "Malizia na huku."

Nikammalizia na huko. Kichwa chake kilikuwa kinatetemeka kwenye mkono wangu wa kushoto, analia kwa mara ya kwanza tangu uondoke, bila sauti, na mimi sikukandamiza. Nywele zikaanguka juu ya mchanga. Tulipomaliza aliomba ugali, akala nje, mbele ya majirani waliopita wakimsalimia. Jana Jumapili alikwenda kanisani, Shangazi amenipigia kuniambia.

Ndiyo hayo, Baba. Niliyokuwa nayo moyoni nimeyasema kwa mtu mwenye uso wako, na nimejibiwa. Sasa nakuaga sawasawa, maana pale kaburini niliondoka kama mtu anayetoroka. Pumzika. Babu amekubali kwamba umekwenda, na mimi nakubali pamoja naye, ingawa mimi bado najifunza. Kila baada ya wiki mbili nitakuwa Kibara, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Na akiniita siku isiyo ya zamu, hata kama niko mwaloni na samaki niliyempara nusu mkononi, nitanawa na kwenda siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Majura