Hayupo kwenye Anwani Hii

3 Februari

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Natumaini wewe, mume wako na mjukuu wangu Kidoti hamjambo. Nimeamua kuandika barua kwa sababu simu zangu unazikatisha haraka, na barua haikatiki katikati.

Juzi nilikuwa kwenye mashine nasaga mahindi ya watu, simu ikalia. Nikatoka nje, unga mpaka kwenye kope. Ni mwanamke, Kiswahili chake cha kuokoteza, akasema anapiga kutoka chuo kikuu huko mliko, idara ya uchumi. Wanawafuatilia watu waliohamia huko: wamepata kazi gani, lugha wameijua kiasi gani, wamezoeana na wenyeji au bado. Kila mwaka wanawauliza watu wale wale. Mwanangu alikubali kuwa mmoja wao, na akanitaja mimi kama mtu wa kupigiwa asipopatikana.

Sasa sikiliza alichoniambia. "Mama, tunamtafuta mwanao. Hayupo kwenye anwani aliyotupa." Nikamjibu ana mke, mwulizeni mke. Akasema, "Mke anatuambia yuko kazini. Na huko kazini wanasema waliachana naye."

Mkwe, mimi nimeishi na mizani. Mtu akiigusa kwa kidole namwona. Kila nikipiga simu ya picha unaniambia mwanangu yuko bafuni. Tangu lini amekuwa samaki?

Yuko wapi?

Mama mkwe wako

---

20 Februari

Shikamoo mama,

Barua yako nimeipokea na nimefurahi kusikia u mzima. Pole na goti. Ulipake mafuta ya moto na usipande ngazi ya ghala, mwachie fundi wa mashine. Sisi huku hatujambo. Kidoti anakusalimu, anasoma vizuri, tena lugha ya huku anaiongea hadi ananisahihisha mimi.

Mama, tafadhali, hao watu usizungumze nao tena. Wanajiita wa chuo, lakini huku mtu anaweza kuvaa kitambulisho cha chuo shingoni na jioni akapeleka habari zako ofisi ya uhamiaji. Leo anakuuliza kwa upole unalala na nani nyumba moja, kesho unaitwa ueleze. Mimi nawapa chai na majibu mafupi, basi.

Mwanao yupo. Kazi yake imehamishiwa mbali na mjini, zamu ndefu, mtandao wa shida. Nakutumia picha yake na Kidoti ili moyo wako utulie.

Ila na mimi nina swali, mama. Ulimjibu nini huyo mwanamke? Na kuna mtu mwingine aliyekupigia?

Mkweo

---

9 Machi

Mkwe,

Salamu. Mimi mzima. Goti liache.

Picha nimeiona. Nimeitazama kwa miwani, kisha nikampa fundi wa mashine naye aitazame. Katika picha Kidoti amecheka, meno ya mbele yote yapo. Wiki ileile barua yako ilipofika nilimwona kwenye simu akiniimbia, ana pengo la kupitisha kidole. Au huko mliko meno yanang'oka na kurudi kama mishahara ya serikali?

Umenitumia picha ya zamani. Mtu hatumi picha ya zamani kama ana mpya.

Halafu unaniuliza nani mwingine amenipigia. Kwa nini? Unaogopa nani asinipigie? Majirani wameshaanza. Mmoja amenitolea mfano wa mwanamke aliyemfungia mumewe nje akabadilisha kitasa. Nilimfukuza, lakini maneno yake hayakutoka naye.

Nilikukaribisha nyumbani kwangu ukiwa huna hata cherehani yako mwenyewe. Sikuhesabii wema, nakuuliza kama mzazi. Mwanangu umemfanya nini?

Mama wa mumeo

---

2 Mei

Shikamoo mama,

Nisamehe kwa ukimya. Niliandika mara nyingi nikachana. Natumaini u mzima. Sisi ni wazima wa mwili.

Mwanao aliondoka Novemba.

Unajua alivyokuja huku. Mpimaji ardhi, vyeti kwenye mfuko wa plastiki asiruhusu hata unyevu uviguse. Wakamwambia vyeti vitakaguliwa. Akasubiri. Mimi sikuwa na cheti cha kukaguliwa, kwa hiyo sikuwa na cha kusubiri. Nikaingia darasa la lugha, nikaingia kiwanda cha kufulia nguo za hospitali, nikapanda mpaka msimamizi wa zamu. Ofisi ya ajira ilipochoka kumwona amekaa, ikamtafutia kazi. Ikamleta kiwanda hichohicho, zamu hiyohiyo. Mimi ndiye niliyempa glavu.

Wiki ya kwanza tulicheka. Siku moja akapitisha mashuka machafu ya wodini mlango wa upande wa mashuka safi. Mama, upande ule ukichafuka, mzigo wote unafuliwa upya, na hospitali inasubiri. Nikamwambia mbele ya wenzake, kwa lugha ya huku, "Toa. Rudia." Alitoa, akarudia, akaniambia, "Sawa, bosi." Ningemwambia hivyo mtu yeyote, na kesho ningesema tena. Lakini neno lile "bosi" likatufuata nyumbani. "Bosi, nipe chumvi." "Bosi, naomba kulala." Ikafika mahali hacheki anapolisema.

Nilirudi kutoka kazini siku moja nikakuta ufunguo wake ndani ya kiatu changu. Hakuna barua. Simu imefungwa.

Nilinyamaza kwa sababu kibali changu cha kuishi huku na cha Kidoti vimefungwa kwenye jina lake. Wakijua hayupo, wanaweza kutuambia tufungashe.

Na nikwambie ukweli wa pili, ingawa utaudhika. Nilidhani yuko kwako. Nilidhani mmekaa mezani, yeye na wewe, mnaniandikia muone nitasema nini. Kila barua yako niliisoma nikimtafuta yeye ndani. Uliposema ulimpa fundi picha aitazame, nikasema, huyo si fundi.

Kama yuko hapo, niambie.

Mkweo

---

18 Mei

Mama Kidoti,

Salamu. Hayupo hapa. Naapa kwa kaburi la baba yake. Fundi ni fundi, mzee wa watu, ana kibiongo na anapenda ubuyu. Njoo umpime.

Sijasema ulikosea. Sijasema hukukosea. Mashuka ni mashuka, lakini mwanangu ninamjua, ukimsema mbele ya watu anaoza ndani kama gunia lililolowa chini. Baba yake alikuwa hivyohivyo. Mambo hayo tutayaamua siku tukiwa na mtu wa kumwamulia.

Novemba mpaka leo! Na mimi nilikuwa nikikutukana kwa fundi wakati mwenzangu unalia peke yako. Lakini ungesema, mama. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Polisi usiende kama unaogopa kibali. Nenda kwa yule wa maswali. Mtu ambaye kazi yake ni kutafuta watu waliohama, mwanangu hatamshinda. Kama ni jasusi, tayari anajua. Kama si jasusi, atatufaa.

Mama

---

7 Julai

Shikamoo mama,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Kidoti ana mafua kidogo, mimi mzima.

Nilikwenda chuo. Nilitarajia jumba la serikali na walinzi, nikakuta chumba kidogo, vikombe vichafu na msichana mwenye mafaili mpaka chini ya kiti. Yule wa maswali ndiye huyo. Nikamwambia, "Mume wangu ameniacha. Sasa peleka unakopeleka."

Akasimama akafunga mlango. "Sipeleki popote," akasema. "Tumempata mwezi uliopita."

Mama, nikamwuliza, yuko wapi? Akasema hawezi kusema. Anafanya kazi? Hawezi kusema. Anaumwa? Akasema, "Aliketi nami akajibu maswali yote isipokuwa moja." Lipi? Hawezi kusema. Wamekula kiapo cha kutunza siri za wanaohojiwa, ndiyo maana watu wanawaamini.

Nikampigia kelele. Mimi mkewe sijui kama anakula, na wewe mgeni unajua mshahara wake! Aliniacha nimalize. Halafu akaanza kunieleza eti hatuko peke yetu, wanaume wenye vyeti wanasubiri kazi ya vyeti, wake zao wanatangulia kwenye lugha na kazi, nyumba nyingi zinapasuka hapohapo, na wana jedwali linaloonyesha. Nikamwambia mimi sikuolewa na jedwali. Akaona haya.

Lakini alikubali kitu kimoja. Hatoi habari zake kwangu, ila anaweza kumfikishia yeye bahasha yangu. Nilitaka kuandika mengi. Mwisho nikaandika hivi: kwa kazi niliyonayo naweza kupewa kibali changu mwenyewe, mimi na Kidoti, lakini inatakiwa sahihi yake kukubali tutenganishwe kwenye faili. Muda unaisha Oktoba. Nikamwekea fomu. "Tia sahihi, kisha uende unakotaka."

Sikuandika kwamba nampenda. Nilihofia angedhani ni bosi anamdanganya arudi zamuni.

Mkweo

---

16 Septemba

Binti yangu,

Salamu kwako na kwa Kidoti. Goti linauma lakini leo sina muda nalo.

Yuko hapa.

Alifika Jumapili, begi moja, amekonda shingo imebaki mishipa. Alikuwa mji mwingine huko, anapakia samaki kwenye ghala la barafu, vidole viwili vimekufa ganzi. Nimemlaza, nimemlisha, nimemtukana, kwa mpangilio huo.

Ameniomba nisikwambie. "Mama, niahidi." Nikamwambia yule msichana wa chuo alikula kiapo, mimi sikula. Mimi nina mkwe aliyeniandikia ukweli, wewe hukuniandikia hata uongo.

Nilimwuliza swali aliloshindwa kulijibu ni lipi. Akasema aliulizwa, "Tusipokupata mwaka ujao, tumpigie nani?" Mara ya kwanza alinitaja mimi. Safari hii akaona aibu kutaja mtu yeyote. Akakaa mpaka yule msichana akaruka mstari. Ndipo akaanza kutafuta nauli.

Fomu yako alikuja nayo haijaguswa. Nilimsimamia kama mtoto wa shule mpaka akatia sahihi. Imo humu ndani. Ikimbize leo hii, usingoje kesho.

Sasa namshuku yeye. Anasema atakuandikia, anasema atarudi, anasema ataomba radhi. Anasema sana. Usimwandikie wewe kwanza. Nimemweka kwenye mashine, fundi ndiye bosi wake, na ameshasemwa mara mbili mbele ya wateja. Jana alijibu "sawa" tu, akaendelea kujaza gunia. Nitamtazama mpaka nijue ni unga au ni pumba, na nitakwambia nilichokiona hata kama hakitamsaidia mwanangu.

Nasikia mashine imezimwa, anakuja kula. Naifunga bahasha kabla hajaniuliza namwandikia nani.

Mama yako