Majivu ya Miwa Chini ya Nyumba Yako

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Masika yamekatika wiki iliyopita na nyumba haijapasuka popote. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuuliza kama mama anakula vizuri. Anakula vizuri. Amenenepa kidogo na anakataa.

Siku hizi naikumbuka sana ile nyumba ya kwanza. Baba mdogo alipobaki na kihamba kule juu mlimani, kama desturi yetu inavyompa mtoto wa mwisho shamba la wazazi, wewe ulishuka huku tambarare, Shirimatunda, na vifaa vyako vya uashi, ukajenga kama ulivyozoea mlimani. Ulichimba msingi hadi magotini ukatosheka, maana kule kwenye udongo mwekundu kina hicho kinatosha. Hukujua kwamba huu mweusi wa kiwanja chako hunywa maji ukavimba, kisha kiangazi husinyaa na kuacha nyufa za kuingiza mkono. Wengi walioshuka kutoka mlimani wamekosea hivyohivyo, lakini wewe ulikuwa fundi, ndiyo maana ilikuuma.

Unakumbuka kalenda ya usharika? Uliitundika sebuleni ili ifunike ufa. Ufa ulipoipita kalenda uliongeza picha yangu ya kipaimara, na ulipoipita picha ukasogeza kabati. Wageni walijua, na sisi tulijua kwamba wanajua. Kila baada ya mvua ulipiga randa mlango wa mbele ili ukubali kufungika. Mimi nilikuwa nacheka, Baba, unisamehe. Sikujua kwamba ulikuwa umeacha kupokea kazi za mtaa wa Majengo kwa sababu mteja mmoja alikuuliza mbele za watu kama kwako mwenyewe kumetulia.

Nilipomaliza chuo nikakuambia tubomoe tujenge upya, ulinijibu kwamba umebakiwa na nguvu za kujenga nyumba moja tu, na hiyo ikipasuka hutashika tena mwiko. Nikakueleza kuwa udongo wetu unatibika, kama nilivyojifunza chuoni: tuuchanganye na chokaa kidogo na majivu ya makapi ya miwa, yale yanayorundikwa nje ya kiwanda cha sukari bila mtu kuyataka. Ulinitazama weee.

"Majivu tunaweka kwenye migomba," ulisema. "Na wewe nimekusomesha."

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikafinyanga madonge mawili, moja la udongo mtupu na jingine la udongo wenye chokaa na majivu. Niliyafunika kwa magunia yaliyoloa wiki nzima, nikayaanika, na Jumapili mlipokwenda ibadani nikayatumbukiza kwenye mabeseni ya mama. Mliporudi, la kwanza lilikuwa uji. La pili lilikuwa limekaa vilevile. Ulilitoa, ukalibonyeza kwa dole gumba, ukalinusa. Kisha ukavua koti la kanisani na kwenda kutafuta sururu, hadi mama alipokukumbusha siku yenyewe ni ipi.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoipenda kuliko yote niliyoishi nawe. Tuliibomoa ile nyumba, tukauchimbua udongo mweusi, tukauponda, tukauchanganya na kuushindilia tabaka kwa tabaka, kisha tukajenga mpya juu yake. Ulikuwa mkali kuliko walimu wangu. Nikikadiria maji kwa jicho, ulinirudisha kwenye ndoo. Vumbi la majivu lilitupaka nyusi kijivu na mama akasema sasa anapikia wazee wawili. Baada ya masika mawili bila ufa ulianza kuwafundisha majirani somo langu kana kwamba umezaliwa nalo, na mimi nilikuacha, maana nilikuwa na furaha kupita kiasi.

Ulipougua mwaka jana, baba mdogo alishuka kupanga mambo. Kwetu mtu hata afie mbali hurudishwa kihambani, alale kwenye migomba pamoja na wazazi wake, na baba mdogo alikuwa ameshakuchagulia mahali kando ya bibi. Ulimshukuru kwa heshima zote.

"Mnizike hapa," ukamwambia. "Nyumba yangu iko hapa."

Alitoka chumbani akatuambia homa imekupanda kichwani. Mimi nilijua si homa. Mchana ule ule ulikuwa umeniita, ukaniagiza kwamba udongo wa chini ya zege la kaburi lako niutie chokaa na majivu, niushindilie vizuri, nisije nikakuaibisha na wewe huwezi kutoka kurekebisha.

Nakukumbuka sana, Baba, na bado nashinda nimeridhika, sijui kama inaruhusiwa. Aika, mbe, asante mzee wangu, kwa kuniamini na nyumba yako ya mwisho. Tulikuzika hapahapa, na ile kazi niliifanya mwenyewe, sikumwachia mtu. Nililia muda wote nikishindilia, lakini sikuruka tabaka hata moja.

Pumzika salama.

Ni mimi, binti yako wa pili