Aliiombea Chai, Oveni Hakuitazama

Shangazi Wawira,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Cate ambaye tulikaa dawati moja tangu Form One. Jana niliaga nyumbani kwamba naenda sokoni, lakini nilienda Bahati, peke yangu, kumchunguza mtu wa Mungu.

Wacha nianze mwanzo ndio usinione mbaya. Mimi nimemaliza Form Four na naishi na mama na Kukhu, yaani nyanya yangu, hapa Free Area, Nakuru. Mama ni mwokaji, keki nyingi za harusi za mtaa huu zimetoka jikoni mwake, na sasa tunahamia Kigali kwa sababu dada yake, Aunty Nangila, aliolewa huko na amepata chumba cha duka karibu na shule ili wao wawili wafungue bekari. Kwa hivyo oveni kubwa ya mama na mashine yake ya kukandia unga lazima zifike, maana bila hizo mama atakuwa mgeni tu katika nchi ya watu, hana kazi, hajui hata kubishana bei kwa lugha yao, na huku tutakuwa tumeshaachilia nyumba.

Mtu wa kuhamisha vitu alipatikana kwa fellowship. Sijui kama kwenu ni hivyo, Shangazi, lakini kwetu kila Alhamisi watu wa kanisa hukutana nyumbani kwa mmoja wao, wanaimba, wanaomba, halafu wanakunywa chai, na mgeni akiwepo ndiye anapewa heshima ya kuiombea hiyo chai. Basi wiki iliyopita ilikuwa zamu yetu, na jirani yetu Mama Jeff akaja na mgeni anaitwa Brother Peterson, ambaye alisema ana kampuni ya kuhamisha watu hadi Kampala, Kigali na hata Juba. (Jina la kampuni nimelifuta. Wawira.) Akaambiwa aombe. Aliomba hadi chai ikafanya utando. Aliombea majani, akamwombea ng'ombe aliyetoa maziwa, akaiombea oveni ya mama ivuke mipaka kama Waisraeli walivyovuka bahari, Kukhu akalia kabisa, na alipofungua macho akamshika Brother mkono akasema, "Mwanangu, vitu vyetu viko mikononi mwako."

Mama alitaka kumuuliza kuhusu bima. Nilimsikia akianza, "Brother, na kitu kikivunjika njiani..." lakini Kukhu akamkata. "Wee! Mtu amekuombea sasa hivi na unamuuliza maswali ya polisi?"

Watu wakacheka. Brother naye akacheka. "Mwache, Shosho, hata Tomaso aliuliza." Na bima ikaishia hapo.

Mimi nilikuwa nagawa vikombe, na mtu akiwa na haya kama mimi huona mengi kwa sababu hakuna anayemwangalia. Niliona alitaja bei bila kuingia jikoni, na oveni hiyo ili iingie ilibidi mlango ung'olewe na fremu yake. Niliona fulana yake ina jina la kampuni moja na kadi aliyotuachia ina jina la nyingine. Halafu akasema pesa yote itumwe mapema kwa simu yake mwenyewe kwa sababu ofisi inabadilisha benki, na kwamba atakaa na pasipoti zetu "kwa mambo ya mpaka." Kila mtu akasema amina.

Kadi ilisema ghala liko Bahati, ndiyo nikaenda. Shangazi, mimi hata dukani nikirudishiwa chenji pungufu nanyamaza, lakini nilifika mahali penyewe na nikakuta banda la kuku. Mwenye banda, mathe mmoja anaitwa Njoki, alikuwa anawawekea kuku maji, nikasimama tu hapo hadi akachoka kuangaliwa.

"Sema, msichana. Umepotea?"

"Natafuta kampuni ya kuhamisha watu."

Akaweka ndoo chini. "Wewe pia? Juzi alikuja bwana na bibi yake, wanalia vitu vyao vilibebwa kwenda Kampala na havijaonekana. Hapa ni kuku tu, mami, na hawa hata kwa jirani hawajawahi kuhama."

Niliona aibu kuondoka hivi hivi baada ya kumsumbua, nikanunua trei ya mayai nikaipakata hadi nyumbani. Mama aliyasifu sana hayo mayai, akadhani ni ya sokoni.

Sasa kesho ni Alhamisi, fellowship ni kwetu tena kwa sababu tunahama, Brother anarudi kuombea safari na kuchukua pesa na pasipoti, na Jumamosi lori linakuja. Nikisema, Kukhu atadai nimemsingizia mtumishi, na Mama Jeff aliyemleta ataaibika mbele ya kanisa, na kama nimekosea je, labda ghala lilihama? Nikinyamaza, oveni ya mama inaenda na hatutaiona tena. Na mbele ya watu sauti yangu huwa inapotea. Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu.

Mwenye Haya, Free Area

*

Mwenye Haya,

Nilikujibu kwa ujumbe wa simu siku ile ile, maana lori halingoji gazeti litoke. Hapa nachapisha nilichokuandikia ili na wengine wanaofunga mizigo wasome.

Hongera kwanza. Sebule ilijaa watu wazima, na aliyeenda kuliona ghala kwa macho yake ni wewe. Sasa nikugombeze. Uliwaona kuku jana, na mpaka saa hii mama yako hajui? Haya ni za kumwonea mgeni, binti yangu, si za kumficha mama yako habari za oveni yake. Ukimaliza kusoma hapa ingia jikoni umwambie yote, na mayai pia.

Usinisumbue na "kama nimekosea." Mhamishaji wa kweli hakasiriki akiulizwa, kuulizwa ndiyo nusu ya kazi yake. Anakuja na tepu, anapima oveni, anauliza ngazi ziko ngapi, anaandika kila kitu anachobeba na wewe unabaki na nakala. Anachukua sehemu ya malipo kwa jina la kampuni, na nyingine vitu vikishushwa. Pasipoti anaitazama, anapiga kopi, anakurudishia papo hapo. Pasipoti yako isilale mfukoni mwa mtu hata siku moja. Na bima huandikwa, ndipo muiombee.

Kumbukeni pia mnaenda kuwa wageni. Hapa Nakuru mtu akikuchezea unajua kituo cha polisi, una mjomba, una kanisa. Vitu vikikwama mpakani na mtu akupigie simu kwamba uongeze pesa ndipo viendelee, utamlilia nani kule? Hakuna mtu anayekujua. Ndiyo maana maswali magumu yote huulizwa nyumbani, kabla gurudumu halijazunguka. Ni nani atapokea mizigo Kigali, na kwa ofisi gani? Aunty Nangila aende aikanyage hiyo ofisi kama wewe ulivyokanyaga Bahati. Ni familia gani wamevusha majuzi? Wapigieni, na muulize kilichovunjika, msiulize tu kama walifika.

Tuje kwa fellowship. Huwezi kusimama kumshtaki mtu, sawa, usimshtaki. Si kwenu mtu huleta haja ya maombi? Leta haja. Sema ungependa safari iombewe kwa kutaja: namba ya lori, jina la dereva, ghala lilipo, kampuni ya bima. Brother azitaje, Mama Jeff aandike, muombe. Mkweli atafurahi kuombewa hivyo. Na hata akizitaja zote bila kukwama, pesa haitoki na pasipoti haitoki hadi mama yako amesimama ndani ya ghala lenyewe. Hapo hapana mjadala. Halafu mtafuteni yule bwana na bibi yake wa Kampala mwende polisi pamoja.

Ukitetemeka, tetemeka. Lakini sema.

Wawira

*

Shangazi,

Nilimwambia mama. Aliuliza, "Kwa hivyo yale mayai ni ya Bahati?" Hakunigombeza. Alichukua pasipoti zote tatu akazificha ndani ya pipa la unga.

Alhamisi Brother aliomba kuliko mara ya kwanza. Aliposema amina nikainua mkono. Sauti ilitoka kidogo tu, Mama Jeff akasema, "Ongea, Mitchelle, hatukuli." Nikasema haja yangu yote, nikiangalia zulia.

Kukhu akapiga makofi. "Ndiyo! Tuombe kwa kutaja! Brother, lori ni namba gani?"

Brother akapapasa mifuko, akasema hizo habari ziko kwa gari.

"Zilete, mwanangu. Bwana hana haraka."

Akatoka. Tuliimba wimbo mmoja, tukaimba wa pili, na katikati ya wa tatu Mama Jeff akachungulia dirishani akasema gari haipo. Chai yake ilibaki mezani na utando wake.

Mama Jeff alilia kwa aibu hadi mama akamkumbatia, na Ijumaa wawili hao wakapitia kwa Njoki, wakapata simu ya wale watu wa Kampala, wakaenda polisi wote pamoja. Tumepata kampuni nyingine. Mtu wao hakuomba hata kidogo, alikuja na tepu, akapima oveni, akauliza kama fremu ya mlango inang'oka, na Kukhu akampenda hapo hapo. Mama amesimama ndani ya ghala lao, na Aunty Nangila ameenda kwa ofisi yao ya Kigali akatutumia picha amekalia kiti cha meneja. Tunaondoka wiki ijayo. Weka jina langu, na yeyote anayehama aambiwe hii yote.

Isipokuwa jambo moja. Kukhu anaambia kanisa zima kwamba ile haja nilifunuliwa na Roho. Jana alimleta mzee anayetaka kununua ploti huko Molo, eti nimwambie Roho anasema nini. Nilimwambia Roho anasema aende akaione kwanza. Mzee alinishukuru sana.

Kwa hivyo habari ya kuku ibaki hapa kati yetu, tafadhali. Kukhu hasomi gazeti, lakini Mama Jeff anasoma, na hao kuku aliwaona. Mama Jeff, nakuomba.

Mitchelle