Mji Ambao Emma Hakuutoa

Kitendawili! Nawe unayesoma, sema tega. Ikifanywa vizuri haionekani. Isipofanywa, kila mtu anaiona. Usijibu haraka, yuko mtoto aliyekutangulia.

Solomon Mwakio, Baba Teresia, mwaka umezunguka tangu uondoke na jibu lako. Viatu vyako vya kazi bado viko nyuma ya mlango hapa Hounslow, jirani na uwanja wa ndege. Hakuna aliye na moyo wa kuvitoa.

Ulikuwa mpole, ila hukutaka mtoto akue akidhani mkate huzaliwa dukani. Jumamosi ulikusanya wajukuu na watoto wa kanisani, ukawapeleka kwa watu wa kazi. Kwa Muhiddin kinyozi walishika mashine ikiwa imezimwa. Kwa Ummukulthum muuguzi walisikilizana mapigo ya moyo. Kwenye depo ya mabasi dereva aliwaacha wapige honi mpaka ukaomba radhi kwa majirani. Mkirudi, unawatega kuhusu kazi mliyoiona, na anayeshindwa anakupa mji. Walikupa Voi, wakakupa na Peckham, nawe ukasimulia ulivyofika huko ukachinjiwa mbuzi, ndipo ukatoa jibu.

Kazi yako mwenyewe hukuwaonyesha, maana huko kwenye ndege mtoto haruhusiwi. Basi mjukuu wako Emma akamwambia mwalimu wake kwamba babu ni rubani. Kwani si unatoka alfajiri na beji shingoni? Teresia alitaka kumsahihisha papo hapo, akihofia mtoto ataona haya siku atakapojua. Ukamzuia.

"Mwache mwanao," ulisema. "Kazi huingilia mikononi, haiingilii masikioni."

Jumamosi hiyo ukatega hiki kitendawili. Wenzake walitoa miji, ukawanong'oneza jibu mmoja mmoja na kuwaapisha wasiseme. Emma, kidevu juu, akakataa: mji hatoi. Na wewe na sheria zako! Hata hospitalini, akiwa ameketi kitandani kwako, ulicheka tu, jibu hukulitoa.

Jumapili iliyopita tulikufanyia ibada. Watu wakala pilau, wakashiba, wakaenda zao, ukumbi ukabaki na wali sakafuni. Emma akachukua fagio bila kuambiwa. Akafagia mpaka chini ya meza, akapanga viti, akafuta alama za chai. Kisha mzee wa kanisa akaja kufunga milango, akapita katikati ya ukumbi kana kwamba haujawahi kuchafuka. Emma akamtazama akipita, akaanza kucheka. Kicheko chako kabisa.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Eufrasia, binti yetu Teresia, mkwe wako Kibet, na wajukuu wote wa Jumamosi. Maadamu tunategana vitendawili, wewe uko nasi.

Na Emma, anayejibu kila kitu kwa Kiingereza, jioni hiyo alinivuta leso, akaniambia kwa Kiswahili:

"Nyanya, ni kusafisha. Babu alikuwa anasafisha ndege. Kesho nitamwambia mwalimu."