Gololi ya Nyonga ya Mama

Ndiyo dada, ulivyosikia ndivyo. Miaka Thelathini ameanza kutetemeka, na anayemtetemesha ni mimi. Lakini kwanza shikamoo, nisije nikaambiwa sina adabu. Shemeji hajambo? Watoto je? Mimi mzima, nacheka, ila kicheko kinaishia menoni. Mama anakula na ananisema kutwa, kwa hiyo roho ipo. Kutembea ndiyo hakuna.

Unakumbuka yule wakala wa vifaa vya hospitali alivyomwapia mama kwamba gololi ya kauri atakayowekewa kwenye nyonga yake mbovu inakaa miaka thelathini bila mkwaruzo? Ndipo nikampa hilo jina. Mwaka wa pili nyonga ikaanza kulia kama mlango uliokosa mafuta. Mama akawa anatania kwamba siku hizi hawezi kumnyatia mtu. Mwaka wa tatu ikapasuka, anainuka tu kitini. Daktari alitoa vipande kumi na kimoja, na unga wake mwingine umebaki humo humo nyamani.

Miaka Thelathini alikuja wodini na suti yake, akasema kauri haina kosa, mama ndiye mnene, tena lazima alianguka akaficha. Dada, tangu siku hiyo kila tukimnyanyua mama anatuomba radhi, kama mgeni aliyevunja chombo cha watu. Nikaapa huyu bwana nitamtoa kamasi.

Vipande nilimwomba daktari, nikavitia kwenye chupa ya jemu. Kila hospitali anakokwenda kuuza, anakuta nimeshafika. Naitikisa chupa mbele ya muuguzi mkuu, namuuliza kama angependa mlio huo nyongani mwa mama yake. Hospitali tatu zimeshamfungia mlango. Juzi alinifuata akanisihi tuyamalize kikubwa. Nikamwambia mimi mdogo, ya kikubwa siyajui. Akaniambia basi nikiendelea tutaungua wote.

Jumatatu anaitwa mbele ya baraza la madaktari wa mifupa. Ataimba wimbo wake ule ule, mama alianguka. Shahidi wa kumzamisha yupo mmoja tu. Hapa dada keti chini.

Ni mimi. Gololi ya mama niliibeba mimi, asubuhi ile ile ya upasuaji. Unajua Miaka Thelathini alinichukua kazini, nimbebee vifaa vyake, kwa sababu nilikuwa nauza vikombe barabarani, mkono wangu hauvunji. Siku hiyo nilikuwa namtania mlinzi, nikakosea ngazi, boksi likashuka vidato sita. Miaka Thelathini mwenyewe alisema kauri ikianguka haitumiki tena, hata ionekane nzima. Kisha akapangusa vumbi, akaniuliza kama nataka mama arudishwe nyumbani angoje nyingine miezi mitatu. Na mama alikuwa analia kwa maumivu, namsikia. Nikafanya tunavyofanya na vikombe, nikalitikisa boksi sikioni. Hakikugonga kitu. Nikasema nzima. Wakamwekea.

Sasa tufanye biashara. Mdomo huu umeuza kila kitu, lakini neno hilo mbele ya mama halitoki. Jumapili mwambie wewe, ajue si yeye aliyevunja. Msamaha usiniombee, acha anilaani anavyotaka. Mimi Jumatatu nasimama barazani nasema yote, tuzame wawili, yeye chini na mimi juu yake nimemkalia. Ukikubali, nijibu kabla ya Jumamosi.

Wasalimie wote hapo kwako.

Mdogo wako, mwenye maneno mengi